Boti Aliyoichagua Mwinyihaji

Mume wangu hajapata kuulizwa anataka nini. Nasema haya nikiwa nimechoka, mtanisamehe, lakini ndivyo ilivyo. Miaka arubaini Mwinyihaji ameendesha vyombo vya watu: ngalawa ya ami yake kule Funzi, boti za kioo za hoteli pale Diani, kisha mashua ya tajiri mmoja wa Msambweni iliyovuja mpaka mabaharia wakaizoea. Aliambiwa panda, akapanda. Aliambiwa shuka, akashuka. Hata mimi hakuulizwa alipopewa, wala mimi sikuulizwa. Tulikutana tu ndani ya nyumba, tukavumiliana, tukazaa watoto watano.

Basi mwaka juzi kikundi chetu cha mwani hapa Kibuyuni kikaahidiwa boti. Watu wa mradi walikuja na makaratasi yao wakasema itakuwa boti ndogo ya alumini, haiozi, haitaki kalafati ya kuziba nyufa. Asubuhi itapeleka kina mama shambani baharini na kurudi na mwani, mchana wanaume wataivulia. Ila ziko za maumbo mbalimbali, wakasema, kwa hiyo tumeni mtu wenu mmoja karakana, Mtongwe, akachague.

Mwenyekiti wetu Bi Mwanarusi akatupa macho jamvini, mtu baada ya mtu.

"Aende Mwinyihaji," akasema. "Hakuna aliyekaa ndani ya vyombo vibovu kumshinda yeye."

Watu wakacheka. Mwinyihaji hakucheka. Aliitazama mikono yake kama aliyeambiwa aioshe. Jamani, mtu ana miaka sitini na moja!

Siku ya safari alioga mara mbili, akavaa kanzu. Kanzu, kwenda kwa wachomea vyuma! Nikamwambia, "Baba Nusra, waenda kuchagua boti au waenda kuposa?"

"Kuposa niliposewa," akanijibu. "Leo nachagua mwenyewe."

Yaliyopita huko karakana sikuyajua siku ile, na wa kulaumiwa ni mimi. Nilikuja kuyasikia baadaye kwa fundi mwenyewe, Idris, kijana mpole wa kuchomea. Alisema mzee aliwekewa boti tatu. Ya kwanza ilikuwa bapa chini, inaingia hata kwenye maji ya goti, inabeba mzigo wa kuaminika. Mwinyihaji akataka iteremshwe majini. Akakaa pale watakapokaa kina mama, akangoja chombo kikubwa kipite kilete mawimbi. Boti ikapigwa pa, pa, pa, na yeye akashuka ameshika kiuno. "Hii itawazeesha wanawake," akasema.

Ya pili ilichongoka chini kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nyuma. Hiyo ilipasua mawimbi vizuri, mtu hasikii kitu. Idris akadhani kazi imekwisha. Mzee akaagiza wachomeaji wawili wanene wasimame ubavu mmoja, wavute gunia la mchanga uliolowa kutoka majini, kama sisi tuvutavyo mwani. Boti ikalala, mmoja akatumbukia na viatu vyake.

Ya tatu ilikuwa imeundwa kwa mfano wa boti za watu wa ziwa kubwa kule magharibi, ambako mawimbi ni mafupi na ya haraka, hili halijashuka lile lishapanda, sawasawa na mkondo wetu wakati kusi inavuma na maji yanatoka. Mbele imechongoka, halafu inafunguka taratibu mpaka tezi inakuwa karibu bapa. Mzee akaikalia. Akavutisha gunia. Akamwaga ndoo ya maji ndani aone yatatuama wapi. Akapitisha vidole kwenye kila mshono wa kuchomelewa, macho kafumba. Mara mbili alikwenda kuswali akarudi. Alasiri ndipo aliposema, "Hii."

Alirudi kesho yake mchana. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka majini, miguu imepasuka kwa chumvi, mgongo si wangu, nimejitupa kitandani. Akakaa ukingoni na kanzu yake ile ile, ina doa la grisi kifuani. Furaha imemwenea usoni.

"Sikiliza, mama Nusra," akaanza. "Iliyo bapa hupiga maji. Iliyochongoka nayo—"

"Mwinyihaji, kwa hisani yako," nikamkata. "Boti ni boti. Niache nilale."

"Haya," akasema. Akainuka, akatoka. Hakulirudia tena neno lile, na mimi sikumuuliza.

Boti ikaja. Lo, nyembamba! Niliigonga kwa kidole ikalia kama sufuria yangu ya wali. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Marehemu baba yangu, fundi Ubeid, aliunda mashua za mbao maisha yake yote, na kila mashua aliizikia senti kumi ya kikoloni, ile ya shaba yenye tundu, chini ya mlingoti. Twasema hakuna mashua yake iliyozamisha mtu. Kweli au si kweli, ndivyo twasemavyo. Alipokufa iliniangukia moja, nikaiweka ndani ya kopo la vifungo, imefungwa kitambaa.

Maalim angeniambia ni ushirikina. Majirani wangeniambia neno baya zaidi. Kwa hiyo baada ya kisomo cha kuizindua boti na kahawa, watu walipokwisha kutawanyika, nilikwenda peke yangu bandarini. Boti haina mlingoti. Nikainua ubao wa sakafu upande wa tezi, pale ngamani maji yanapotuama, nikaibana senti ya baba kati ya taruma, ubavu wa boti, na bati la chini. Bismillahi. Sikumwombea mtu baya. Nilimwombea mume wangu arudi. Kama ni dhambi, nilidhani ni dhambi ndogo.

Miezi tisa ile! Mkondo ukichafuka sisi tumekaa, hatujalowa, viuno havilii. Gunia linaingia ubavuni na boti haishtuki. Bi Mwanarusi alisema hajapata kupanda chombo chenye adabu kama kile. Na Mwinyihaji sasa hatembei, anaringa. Alianza kusalimia watu kabla hawajamsalimia. Akipita mtu ufukweni na kuitazama boti, yeye husimama karibu makusudi, akitumai ataulizwa kwa nini hii na si ile. Wengine walimuuliza, akawaeleza mpaka wakajuta. Mkewe tu ndiye hakuuliza.

Asubuhi moja ya kusi walitoka kina mama tisa. Mimi nilikuwa na homa, nilibaki. Katikati ya mkondo Biasha, mke wa jirani yangu, akahisi miguu imelowa, akadhani ni mwani unachuruzika. Kutazama, maji yamefika vifundoni. Wakatupa magunia yote baharini, wakakumba maji kwa ndoo, kwa kanga, kwa mikono, huku Mwinyihaji anaielekeza pwani. Allah akawafikisha. Chini upande wa tezi palikuwa na tundu la kuingia kidole.

"Si niliwaambia?" akasema Swabir, kijana aliyetaka boti ya faiba tangu mwanzo. "Sufuria hutoboka!"

Kabla ya adhuhuri Kibuyuni nzima ilikuwa ikisema sufuria ya Mwinyihaji. Watu wa pwani tuna midomo, wacha. Yeye alizing'oa mbao za sakafu mwenyewe, hakutaka msaidizi. Alikaa humo ndani muda mrefu, na alipotoka alikuwa amefumba ngumi. Nilidhani ni hasira.

Alasiri kikao kikakaliwa. Mwinyihaji akasimama, akasema maneno mafupi.

"Nilichagua vibaya. Msitafute mwingine. Kosa ni langu."

Akauvua ufunguo wa injini shingoni, akamkabidhi Swabir. Hakuna aliyemzuia. Mimi nilijisemea, maskini, uzee huu. Akaja nyumbani akalala akielekea ukutani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chakula anagusa tu. Nikamfokea, "Boti imetoboka, hujaua mtu! Inuka!" Akavuta shuka. Nami nilikuwa nimechoka hata kumwonea huruma.

Siku ya nne Idris akaja kuziba. Nilimpelekea chai na mahamri pale bandarini, na ndipo aliponisimulia habari ya karakana, boti tatu na gunia la mchanga, anacheka. Kisha akainama kwenye lile tundu akaacha kucheka.

"Mama, hapa palikaa shaba."

"Shaba gani?"

"Sijui gani, ila alama yake naijua. Shaba na maji ya chumvi juu ya alumini ni kama mchwa kwenye boriti, hula mpaka itokee upande wa pili. Na mzee nilimweleza, wallahi. Alinitaka niseme mara tatu, kisha akarudia kwa kinywa chake mwenyewe. Akasema akifika nyumbani kitu cha kwanza ni kuwaambia watu wake."

Chai ilinimwagikia mguuni, sikusikia moto. Wanaume wa boti aliwaambia, najua, maana hata ndoana za shaba hawakuingiza humo. Na mimi alikuja kuniambia. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu na kanzu yake yenye doa, nikamwambia aniache nilale. Asiyesikia la mkuu, wahenga wamekwisha kumaliza.

Nikarudi nyumbani mbio, mimi na magoti haya. Nikalishusha kopo la vifungo. Senti ya baba ilikuwemo. Imefungwa vizuri ndani ya kitambaa chake, fundo la kibaharia. Imeng'aa kuliko nilivyoiacha. Boti ndiyo iliyolika, yenyewe haikupungua kitu.

Nikamwendea pale kitandani. "Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Ukasimama mbele za watu ukasema umechagua vibaya!"

"Ulitaka niseme nini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka mpaka ndani ya mifupa. "Niwaambie mke wangu kaficha kitu ndani ya chombo cha watu? Wataita uchawi, Khamisa. Boti huchomelewa. Jina la mwanamke likitoboka halichomelewi."

"Na lako je?"

"Langu lilikuwa zuri miezi tisa," akasema. "Yatosha."

Yatosha! Nililia kwa hasira, nikamtukana, nikamwita mpumbavu, nikamshika mkono. Miaka arubaini na moja naishi naye na sikujua kwamba mtu aweza kukupenda hivyo na wewe humsikilizi hata kwa dakika tano.

Ijumaa baada ya swala kikundi kilikaa tena. Nilimwambia twende, akakataa, nikamwambia basi nitakwenda peke yangu na nitayasema vibaya. Akanifuata. Mficha uchi hazai. Nikasimama, nikaitoa ile senti kitambaani, nikaiweka katikati ya jamvi. Nikasema yote. Baba, mlingoti, ngama, niache nilale. Nikasema alivyoeleza Idris. Ulimi haukunisaliti.

Mtu akasema astaghfirullah. Mwingine akajivuta kando na ile senti kana kwamba itamrukia.

"Khamisa," akasema Bi Mwanarusi. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Tulikuwa tisa humo. Mimi sijui kuogelea."

Wakaamua nisipande boti msimu mzima. Nitembee maji yakiwa mbali na nibebe mwani wangu kichwani. Wengine walitaka nitoke kikundini kabisa, na wako ambao mpaka leo hawaniitikii salamu. Nimekubali. Mgongo wangu ndio unaolalamika.

Kisha Bi Mwanarusi akageuka kumtazama mume wangu, aliyekaa nyuma karibu na mlango.

"Kwa hiyo mzee hakukosea kuchagua."

"Hakukosea," wakasema watu, mmoja mmoja.

Swabir akauvua ufunguo, akaja nao akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba," akasema Mwinyihaji. Akaupokea, akaupima mkononi, akamrudishia. "Kaa nao kwanza. Mimi nimechoka. Lakini Jumatatu nitapanda nawe nikufundishe kuingia mkondoni, maana wewe waipeleka kama pikipiki."

Tukarudi nyumbani mimi na yeye, kwa miguu, jua kali, tukipita kwenye vichanja vya mwani uliotandazwa ukauke. Nyayo zilikuwa zinaniuma, kichwa kinaniuma, nilitaka kitanda changu tu. Tulipofika kwenye mchanga mwepesi akasimama.

"Iliyo bapa," akasema polepole, bila kunitazama, "hupiga maji."

"Kwa nini?" nikauliza.

Akanigeukia. Alinitazama hasa, kuona kama namfanyia mzaha. Halafu akavua kiatu, akachora kwa kidole cha mguu mchangani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanionyesha wimbi linapoingilia, pale atakapokaa mama mwenye gunia, pale maji yatakapotuama. Watu walitupita wakatusalimia, yeye hakuwasikia. Jua likatupiga utosini. Akaeleza omo, akaeleza tezi, akaeleza mishono, na alipofika kwenye shaba mguu wake ukasimama juu ya mchoro.

"Endelea, baba Nusra," nikamwambia. "Nakusikiliza."