Nilitoa Leseni ya Kazi Ambayo Haikuwa Yangu

Wanangu, jina langu lifichwe, umri siufichi. Nina miaka sabini na tisa, nilikuwa mwalimu wa hisabati, naishi Lushoto. Saratani imeingia kwenye mifupa na daktari amenirudisha nyumbani. Naandika kidogo kidogo, nikipumzika.

Mimi na binti yangu tulitengeneza programu ya kuwaonya wakulima lini ukungu utashambulia viazi. Kurasa nilizipanga mimi. Hesabu zote, ambazo ndizo programu yenyewe, ni zake. Nikaiweka mtandaoni kwa leseni huria, yaani ruhusa ya yeyote kuitumia na kuibadilisha bure, kwa jina langu peke yangu, bila kumwuliza. Kwetu mbegu hainyimwi jirani, nikaona hii nayo ni mbegu.

Alipojua alipiga simu.

"Shikamoo, tate." Ndivyo Washambaa tunavyomwita baba.

"Marahaba."

"Leseni uliyochagua inambana anayegawa programu, naye agawe maboresho yake. Asiyeigawa, akaiacha kwenye kompyuta yake watu wakaitumia kupitia mtandao, haimgusi."

"Nani atahangaika na viazi vya kijijini kwetu Gare, mwanangu?"

"Haya, subiri."

Kampuni moja ya mjini ikahangaika. Wameiboresha, wameifungia kwao, wakulima wanailipia kwa simu. Umempa mtu mbegu, kapanda nyuma ya ukuta, anakuuzia chakula kilichopikwa. Nimewaandikia. Wamejibu kwa adabu kwamba hawajavunja sharti lolote, na ni kweli.

Juzi binti yangu alikuja na mwanasheria. Anataka nikiri kwamba hesabu ni zake na sikumwuliza, hivyo sikuwa na haki ya kuzitolea leseni. Shahidi mwingine hana. Nikikiri, kampuni italazimika kuziondoa hesabu hizo.

"Na ushirika wetu wa wakulima unaozitumia bure?" nikauliza. "Na vijana wa mikoa mingine waliochukua kwa nia njema?"

"Leseni yao inakufa pia."

"Si utawapa upya?"

"Kazi yangu ilishatolewa bure mara moja, tate. Sirudii. Unawahurumia wote isipokuwa mimi."

Wakaondoka.

Nikikiri, nawapokonya wakulima walioniamini. Nikinyamaza, namzika mwanangu akiwa hai, na watu watanisifia kazi yake hadi kaburini. Sioni njia ya tatu, na sauti yangu inakwisha. Mchungaji alipokuja aliinama kunisikia.

Nishaurini, wanangu, nikiri au ninyamaze? Mwenye neno asikawie.