Mkwe Wangu na Namba ya Marehemu

Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ni karani katika shule ambayo marehemu mume wangu alikuwa makamu mkuu. Aliajiriwa kwa usaili kama wenzake, na wakati huo mume wangu alikuwa ameshastaafu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaosema vingine.

Meza yake iko mlangoni mwa ofisi, kati ya mashine ya kutoa nakala na kabati la chaki. Walimu wamempachika jina la Ulizeni Pale. Mwalimu wa historia anataka kujua kwa nini mtandao unafika maktaba lakini haufiki darasani kwake. Mpishi anauliza kama naye anaruhusiwa kutazama video kwa mtandao wa shule, au ni wa walimu tu. Mlinzi anauliza kama kompyuta ikilala inaendelea kula umeme. Mkwe wangu hujibu huku anagonga mihuri. Asilolijua husema, "Subiri, nitauliza," na kweli huuliza. Yeye alisomea uhazili. Mambo ya kompyuta ameyajua kwa kusumbuliwa.

Muhula uliopita alirudi nyumbani na uso umemshuka. Maktaba ya mtandaoni, yenye vitabu na mitihani ya nyuma, ilikuwa imejifunga. Kila mwalimu aliyejaribu kuingia aliambiwa kwamba namba ya kuthibitisha imetumwa kwenye simu inayoishia na arobaini na moja. Shule nzima hapakuwa na simu ya namna hiyo.

"Wanasema nimeificha, Mama," alisema. "Nitaificha wapi? Kwenye kilemba?"

Mwalimu wa sayansi alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba familia yetu imeigeuza shule kuwa urithi, funguo tunazo sisi. Mkuu wa shule naye alimpa mpaka Ijumaa. Watahiniwa walihitaji ile mitihani, na isipofunguka, yeye angepelekwa stoo na ofisi apewe mwingine.

Sikula vizuri siku hiyo. Kupelekwa stoo kwa tuhuma ya kuficha mali ya shule! Katika nyumba yetu hilo halijawahi kusikika.

"Namba ya baba yenu iliishia na arobaini na moja," nilikumbuka.

Tukaangaliana. Kumbe ni yeye aliyeifungua akaunti ya ile maktaba enzi zake, na hakuna aliyeuliza. Nikatoa simu yake kwenye droo, ilikofungwa kwenye leso, tukaichaji. Iliwaka vizuri, lakini laini haikushika mtandao kabisa.

"Sasa huo ujumbe unakwenda wapi?" niliuliza.

"Labda unamfuata mwenyewe," alijibu, kisha akajiziba mdomo. Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Kesho yake nilikwenda naye shuleni. Aliipiga ile namba mbele ya walimu, sauti akaifungulia, ili asije mtu kusema kuna siri. Ikaita. Ikapokelewa na mwanamume.

"Kama mnamtaka Mwalimu, hayupo!"

Macho yote yakanigeukia mimi. Mwalimu wa sayansi akanong'ona, "Kumbe marehemu bado yuko kazini." Namba ya mume wangu, laini ninayo kwenye mkoba, na mwanamume anapokea!

"Samahani, kaka," mkwe wangu alisema, "kuna namba zinaingia kwenye simu yako?"

"Zinaingia kutwa. Na sizitaji ng'o! Matapeli wakubwa nyie!" Akakata.

Nikapiga tena kwa simu yangu. Nilimwambia mimi ni mjane wa huyo Mwalimu, anielekeze alipo, nitakwenda mwenyewe. Tapeli haji kwa miguu yake. Akanielekeza.

Tulimkuta kwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, amekaa katikati ya sponji, misumari midogo ameibana midomoni. Ni fundi makochi. Aliitema, akasimama, akaniamkia.

"Laini hii nimeinunua dukani kama watu wote, mama," alisema. "Tangu niiwashe naitwa Mwalimu. Mmoja alinipigia analia, anaomba radhi kwa kutoroka shule miaka hiyo."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimsamehe."

Sikujua nimshukuru au nimgombeze. Mume wangu angemsamehe, lakini angemsema kwanza.

Fundi alikubali kuja shuleni, akaja Ijumaa na aproni yake. Mkwe wangu alibonyeza, simu ya fundi ikalia. Sote tukamsubiri. Akausoma ujumbe kimoyomoyo, akaificha simu kifuani.

"Umeandikwa nisimpe mtu yeyote."

"Lakini sisi ndio wenyewe!" mkuu wa shule alifoka.

"Kila tapeli husema hivyo, bosi."

Muda wa ile namba ulikuwa unakwisha. Mkwe wangu aliinuka, akamvutia fundi kiti chake. "Usitupe. Iandike wewe mwenyewe."

Fundi akafuta vidole kwenye aproni, akadonoa tarakimu moja moja. Ikafunguka. Kwenye kioo likatokea jina la mume wangu: anakaribishwa tena.

"Asante," fundi akajibu.

Mkwe wangu alibadilisha namba papo hapo. Mkuu wa shule alitaka iwekwe yake, mwalimu wa sayansi yake. Mkwe wangu akaweka ya simu ya ofisi, ile inayokaa mezani kila mtu akiiona. Kisha kompyuta ikauliza jina la mwenye akaunti. Akanitazama.

"Andika la shule," nilimwambia, nikahakikisha mwalimu wa sayansi amesikia. "Sisi hatuna urithi hapa."

Mkuu wa shule alisema mbele ya wote kwamba karani abaki pale pale alipo. Mwalimu wa sayansi alikohoa, akasogea mezani. "Dada, samahani kwa yale maneno. Sasa hiyo mitihani ya nyuma naipata wapi?"

"Panga foleni, mwalimu. Mama amekutangulia."

Ni kweli nilikuwa na swali. Laini ya mume wangu ninayo, nimeshaifunga tena kwenye leso. Sasa namba ile ile inakuwaje ya fundi makochi? Alinieleza kwa upole kwamba namba isipotumika muda mrefu kampuni ya simu humuuzia mwingine, nikamwambia sijaelewa. Akanieleza upya, akakwama katikati.

"Subiri, Mama," alisema. "Nitauliza."