Godoro la Pamba Fifi

Nikimwona mtu dukani anabonyezabonyeza godoro la kwenda nalo porini ili ajue kama ni laini, huwa nakasirika, na wanangu wameshazoea kunivuta mkono tuondoke. Ulaini ni wa nyumbani. Porini unatafuta kitu cha kukutenga na ardhi, kisichonyonya maji, basi. Sikuzaliwa nikijua hayo. Kwetu, kijiji kimoja cha Shinyanga, tulikuwa watu wa pamba, na pamba tuliiamini kuliko tulivyowaamini watu.

Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, pamba yetu karibu yote ilikataliwa kwenye mizani. Ilikuwa imechafuka, ikaitwa fifi, yaani daraja la chini, na karani akatuambia turudi nayo nyumbani mpaka fifi itakapoanza kununuliwa. Haikununuliwa. Kaka yangu, aliyenilea tangu baba alipofariki, akasema twende Geita kwenye dhahabu. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga na ghala lilikuwa tupu, kwa hiyo hakuna aliyembishia. Tatizo lilikuwa kifua chake. Masika yaliyopita aliugua kichomi akabaki mifupa mitupu, na tabibu wa zahanati alimwonya asithubutu tena kulala kwenye baridi ya chini, maana kikimrudia hataamka.

Basi kabla ya kuwaza sururu na sufuria, nyumba nzima ilihangaika na jambo moja: kaka atalalia nini huko.

Mkeka ulikuwa mwembamba. Kitanda cha kamba hakibebeki kwa baiskeli. Mama akaingia ndani akatoka na ngozi ya ng'ombe, kavu, manyoya yake bado yapo, ile aliyoilalia yeye miaka yote. Akaitandika uani mbele ya kaka.

"Mayu, na wewe utalala wapi?" kaka akamuuliza. Kwetu mama ni mayu.

"Mimi nipo nyumbani. Nitalala popote."

"Basi mimi siendi."

Walivutana hadi mama akaikunja ngozi yake. Kisha nikamwona anaitazama ile pamba iliyorundikwa pembeni mwa nyumba. Akachukua magunia mawili ya katani, akayashona pamoja kwa shazia, ile sindano kubwa ya magodoro, akayajaza pamba, na mbegu zake zote zimo. Kuzitoa kungetuchukua msimu mzima. Akalipiga godoro hilo kwa fimbo likaumuka. Majirani wakaja kulijaribu, mmoja akajilaza akakataa kuinuka, tukacheka. Hakuna aliyeuliza pamba ikilowa huwaje. Sisi tuliichuma kiangazi, na wingu likionekana tulikimbia nayo ndani. Tulijua mvua inaharibu bei. Zaidi ya hapo hatukuwa na sababu ya kujua.

Kule msituni tulijenga kibanda cha miti na nyasi karibu na duara letu, shimo ambalo tulilichimba na wenzetu. Wiki za mwanzo zilikuwa kavu. Kaka alilala kama mfalme. Wengine walilalia ngozi, wengine matawi, na Msumbwa mmoja alijijengea kichanja cha fito, kaka akamtania kwamba anaanika samaki.

Mvua zikaja. Maji ya pale hayakutoka juu, yalipanda kutoka chini, udongo ukayatapika. Asubuhi tulilitoa godoro juani, jua lenyewe la kubahatisha, tukapapasa upande wa juu, tukakuta pakavu, tukaridhika. Halafu likaanza kupata joto. Lenyewe. Kaka aliniita niingize mkono chini ya gunia, nikakuta kunafukuta.

"Mama katutengenezea jiko!" akasema, na akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha.

Wachimbaji wakaja kuligusa. Walitikisa vichwa, wakamwonea wivu. Mimi nilifurahi, siwezi kusema uongo, niliona ni baraka. Sote tulikuwa wakulima, tumeingiza mikono kwenye marundo ya samadi tangu utoto, tunajua kitu kinachooza kinafukuta. Lakini hii haikuwa samadi, ilikuwa pamba, na ilishonwa na mama.

Kikohozi kikawa cha kutwa. Kibanda kikanuka ukungu. Asubuhi moja nilipomwinua kaka anywe uji, nikaona pale ubavu wake ulipokuwa pametokeza miche, myeupe, myembamba, imepenya matundu ya gunia na kufungua vijani viwili viwili. Kaka aliitazama kwa muda. Mwili wake ulikuwa moto kuliko godoro.

"Imeota," alisema. Hakutania.

Wenzetu wakasema karogwa, apelekwe kwa mganga wa mizizi. Niliwatukana matusi ambayo sijayarudia maishani. Nikamweka kwenye baiskeli, nikamfunga mgongoni kwangu kwa shuka, nikashika njia ya hospitali ya misheni. Tulikuwa bado hatujaifikia barabara kubwa nilipohisi kichwa chake kimelala begani kwangu na pumzi hainigusi tena shingoni. Niliendelea kukanyaga pedali. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikutaka kusimama.

Lori lilituchukua hadi nyumbani. Tulimzika. Watu walipotawanyika, mama akaja kukaa nami. Hakuuliza habari za dhahabu wala hospitali.

"Lile godoro," akasema, "lilikuwa na joto?"

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mikono yake, iliyoshona gunia lile, ilikuwa imelala mapajani.

"Lilikuwa na joto sana, mayu," nikasema. Na ilikuwa kweli. Maji na ile miche sikuvitaja.

Akashusha pumzi. "Basi si baridi iliyomuua mwanangu. Nilikuwa naogopa hilo."

Akainuka, akaenda pembeni kwenye pamba iliyobaki, akatafuta gunia. "Na wewe una kifua cha baba yako," akasema bila kunitazama. "Hutarudi kule ukalale chini."

Nikaenda nikamshikia mdomo wa gunia, naye akaanza kujaza.