Mikayi Hageuki Bibi Arusi

Ukihama kiti kazini, miaka yako inabaki wapi? Nakumbuka siku nilipoulizwa hivyo kiwandani Sindo, mbele ya watu, nikachekwa. Mimi, mwenye digrii, niliyewachosha wahadhiri kwa maswali!

Nakuita mwanangu ingawa umri wangu bado hauniruhusu. Kazini nimekutangulia, na kwa leo hilo linatosha.

Nilikuwa nimeuza samaki wa kampuni kwa miaka sita katika ofisi yetu ya Migori. Nafasi ilipotokea Sindo, ya kukagua ubora wa mbuta wanaoletwa kutoka kisiwa cha Remba, niliiomba nikaipata. Hata mwaka haukuisha, samaki wakapungua. Meneja wetu, Mzee Okelo, akatuita uani, akasema kitengo cha ukaguzi lazima kipunguze mtu mmoja, na aliyeingia mwisho ndiye atakayetoka kwanza.

Ouma, mkaguzi mwenzangu, mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kwenda likizo, akanigeukia, akaniita binti wa Migori. "Pole, nyar Migori. Mgeni ni wewe."

"Mgeni? Kampuni hii ilikuajiri baada yangu!"

"Hiyo ni Migori. Hapa Sindo miaka yako iko wapi? Umekuja nayo kwenye mkoba?"

Watu wakacheka. Sikucheka. Mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wangu, na nyumbani hakukuwa na mwingine.

Jumamosi iliyofuata wafanyakazi tulialikwa kwa Mzee Okelo, aliyekuwa akianzisha boma jipya karibu na Homa Bay. Mambo ya mila huwa siyamezi bila kuyatafuna, kwa hiyo nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akisonga kuon, ule ugali, mbona nyumba inayotazama lango imesimama na nyingine hata msingi hazina.

"Ni ya mikayi, mke wa kwanza," akasema akinishangaa. "Ulitaka aanze nani?"

Nilikula siku hiyo kama mtu aliyeachiliwa kutoka kifungoni.

Jumatatu mkutanoni nikaketi kando ya Mama Atieno, mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi. Nafasi ya kusema ilipofika nikasimama. "Mzee, samahani. Ulipohama boma, mikayi aligeuka bibi arusi?"

Mtu akakohoa. Mzee Okelo akajaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. "Mikayi ni mikayi, hata akihamia Nairobi!"

"Basi mimi nimeajiriwa na kampuni, si na chumba cha ukaguzi."

Mama Atieno akadakia kwamba hata mapatano ya chama na kampuni yanasema hivyo: kazi ikipunguzwa, miaka huhesabiwa tangu ulipoajiriwa, haidhuru umekaa viti vingapi. Mzee akapiga simu makao makuu, wakakubali. Nikabaki! Wala Ouma, ambaye sasa ndiye aliyehesabiwa wa mwisho, hakufukuzwa. Kiti changu cha Migori kilikuwa bado kitupu, akakichukua, na miaka yake yote ikaenda naye. Akina mama wa kukata minofu walipiga vigelegele hadi ufuoni.

Nami, kichwa kikiwa kimevimba, nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nitakuwa wa kwanza kuchagua zamu. Mama Atieno akanivuta mkono.

"Nyathina, mwanangu, tulia. Miaka ya kampuni inakulinda usifukuzwe. Zamu tunagawana kwa miaka ya hapa hapa. Wenzako wamefanya kazi Jumapili nyingi kabla hujalijua lango."

Jumapili zangu nikazifanya, tena nikiimba.

Kwa hiyo, mwanangu, usiogope kuhama. Kabla ya kutia sahihi uliza ni miaka ipi inayokufuata na ni ipi unayoanza upya. Ile inayokufuata ipiganie kwa sauti. Ile unayoanza upya, ianze kwa adabu. Mungu akupe miguu isiyochoka na midomo isiyoona haya kuuliza, na kila utakapohamia upokewe kama mtu wa nyumbani.

Baadaye sana mke wa Ouma aliniambia jambo. Yeye na watoto walikuwa wakiishi Migori tangu kabla sijafika Sindo, na Ouma alitamani uhamisho miaka yote hiyo. Hakuwahi kuomba. Aliogopa kuhesabiwa mgeni.