Umekataa kwa Sababu Gani?

Katika ofisi yao ya Malindi, Unguja, kazi ya mjaribu wa programu ni kukosea kwa makusudi. Talib huandika mikataba ya blokcheni, zile programu zinazotekeleza makubaliano zenyewe, na zikishapitisha jambo halirudi nyuma. Mjaribu huiharibu kabla haijawaharibia watu. Husukumia ushungi nyuma ya sikio, hupuliza ncha za vidole kama anayetaka kuepua chungu, kisha huingiza jina tupu, uzito ulio chini ya sifuri, tarehe isiyokuwepo. Mkataba ukikataa, hatabasamu. Huuliza polepole, "Umekataa kwa sababu gani?"

Asubuhi moja wakulima wa mwani wa Jambiani walikuwa njiani kuja kuuzindua mkataba wa kuuzia mavuno yao. Mjaribu akafanya jaribio la mwisho: akajifanya mtu baki, akaomba kuuchukua mzigo wa majaribio wa wakulima wote, ulioandikwa jina la Bi Faiza, mwenyekiti wao. Mkataba ukakataa.

"Haya, tushamaliza," Talib akasema, akinyanyuka.

"Hata mlinzi aliyelala hafungui mlango," mjaribu akamjibu. "Umekataa kwa kuwa sikuandika uzito. Mimi nani, haukuuliza."

Akaandika uzito. Mzigo wote ukahamia kwake.

Talib akakaa chini, akaufungua tena mkataba. Mlangoni Bi Faiza na wenzake wakapiga hodi.

"Karibuni! Shikamoo Bi Faiza," mjaribu akaitikia, anawavutia viti. "Mwani wenu nshauiba wote. Kaeni mnywe chai, mpaka Talib anizuie."