Kushtuka Mbele ya Sajini

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha nguo Jinja, Msimamizi wa Zamu alinishika bega kutoka nyuma. Niliruka, mkono ukagonga mtande, yaani nyuzi ndefu zinazotangulia kutandazwa kwenye mtambo. Nyuzi kadhaa zikakatika.

"Mwanamume mzima!" akasema, na tangu hapo akafanya kunishtua kuwa mchezo wake. Kila wiki alininyemelea na kunipigia makofi kisogoni. Ngurumo ya mitambo haikunisumbua, maana ilikuwa ileile asubuhi hadi jioni. Kilichonitesa ni cha ghafla. Nilimwambia, akacheka.

Wakati wa vita wanajeshi waliingia wakimtafuta mtu anayewapelekea waasi vitambaa. Tulipangwa mstari. Sajini akapiga meza ya chuma kwa kitako cha bunduki. Wenzangu walisimama kimya. Mimi niliruka, nikaziba masikio, nikapiga kelele.

"Huyu ndiye! Wewe naruka nini? Umeficha nini?"

Sikuweza kujibu, maana nikishtuka ulimi hugoma. Walishanifunga mikono Msimamizi alipojitokeza.

"Afande, huyu iko hivyo kila siku. Mimi namshtua kwa mchezo tu."

"Onyesha."

Akapita nyuma yangu, akapiga makofi. Nilijua yanakuja, na bado niliruka. Wanajeshi wakashika mbavu kwa kicheko. "Tena," akasema Sajini. Baada ya mara ya tano wakanifungua.

Nililazimika kumshukuru Msimamizi yule. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Amani iliporudi nilihamia kiwanda kidogo cha Mbale. Meneja wake, mama mmoja mpole, aliona nilivyoruka mlango ulipobamizwa.

"Bwana fundi, nikikuhitaji nifanyeje?"

"Njoo mbele yangu, upunge mkono."

Akafanya hivyo, akawaamuru wengine wote nao wafanye vivyo hivyo. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Nilifuma pale hadi nikastaafu.

Mwezi uliopita binti yangu alimpeleka mwanawe wa kike zahanati ya Namatala, nami nikawasindikiza. Muuguzi akasema mtoto ana usonji, ubongo wake hupokea sauti na mguso kwa namna yake, ndiyo maana hushtuka upesi. Kisha akanitazama, maana alikuwa ameniona nikishtuka pamoja na mtoto. "Na wewe, mzee?"

Nilikasirika wiki nzima. Maisha yote nimeitwa mwoga na mwendawazimu, kumbe jina lenyewe lipo, na muuguzi analieleza kwa dakika tano!

Jumatatu nilikwenda shuleni kwa mjukuu wangu kabla ya kengele. Nikamweleza mwalimu wake kila kitu, kwamba aje mbele ya mtoto na kumpungia mkono, nikakaa palepale mpaka akayarudia maneno yangu yote sawasawa.