Wavu Laini Kuliko wa Koko

Nikianika chandarua kilicholowa hapa mtaani Nyakasanza, harufu yake inanirudisha ziwani kwa koko, mama ya baba. Walinzi wa ziwa walikuwa wamechoma wavu wake, eti matundu madogo yanamaliza watoto wa samaki. Kisha akaja dada mmoja wa kuchunguza maji, na wavu laini kama pazia.

“Weye! Yangu mulichoma, na hii yako je?”

“Koko, mimi sivui samaki. Navua chakula yao, angalia.”

Koko akainua juani chupa ambamo dada alikuwa amemimina maji ya wavu wake. Vidudu vilikuwa vinarukaruka ndani.

“Kumbe! Mimi nilichukua watoto, weye unachukua posho yao? Mwanga hiyo maji ziwani!”

Dada akamwaga. Kwa haki, alikuwa amechukua kidogo tu, kama nakumbuka vizuri. Jioni tulikula sombe, majani ya muhogo, bila samaki, na koko akamupakulia dada huyo wa kwanza.